Vituo Vikuukuu vya Petroli na Reli za Mezani

Mwanadamu ana desturi ya kuvihifadhi vitu vikubwa na kuviachilia vidogo. Majumba ya wafalme hulindwa na askari, makaburi ya mashujaa hujengewa uzio, na minara ya ibada hupakwa chokaa isije ikafifia. Lakini ni nani alindaye kibanda ambamo msafiri aliuziwa galoni tano za petroli, akapewa maji ya kunywa, akaelekezwa njia? Ndani ya kibanda kile hapakutiwa sahihi mkataba wowote, wala mbele yake hapakupiganwa vita. Kilifanya kazi yake kila siku, na kazi ilipokwisha kiliachwa kizongwe na magugu. Insha hii ni juu ya vibanda vya namna hiyo katika nchi ya Marekani, na juu ya watu walioamua kuvikumbuka kwa njia ambayo wengi huidhani kuwa mchezo wa watoto. Watu hao ni waundaji wa reli ndogo za mezani.

Reli ya mezani ni reli kamili iliyopunguzwa kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Kipimo kipendwacho kuliko vyote katika Marekani ni cha moja kwa 87. Maana yake ni kuwa kila kitu hufanywa sehemu moja ya 87 ya ukubwa wake. Mtu wa futi 6 huwa na kimo cha sentimeta 2 na kidogo. Nyumba yenye urefu wa meta 6 huwa sentimeta 7. Maili moja ya njia huwa meta 18 na nusu. Watu washughulikao na kazi hii si wachache, na wengi wao wana mvi. Jarida lao kubwa, Model Railroader, lilianza kutolewa mwaka 1934, na mwaka uliofuata kilianzishwa chama chao cha taifa, ambacho kiliweka vipimo ili gurudumu la fundi mmoja liweze kupita juu ya reli ya fundi mwingine. Mchezo wa watoto hauhitaji kanuni kama hizi. Jambo likishakuwa na kipimo, jarida na chama, limekwisha kuwa sanaa, au angalau limekaribia mlango wa sanaa.

Mimi nilizaliwa na kulelewa katika nyumba za wafanyakazi wa reli Tabora, mji uliofikiwa na reli ya kati mwaka 1912. Kwa sababu hiyo mlio wa behewa likiungwa na behewa haunipiti hivi hivi. Nilipokwenda kusoma katika jimbo la Illinois, nilijuana na mzee mmoja, seremala aliyestaafu, ambaye chumba chote cha chini ya nyumba yake kilikuwa kimejaa meza, na meza zote zilikuwa zimejaa nchi. Palikuwa na mashamba ya mahindi, mto, daraja, ghala refu la nafaka, stesheni mbili na njia ya reli iliyozunguka kuta nne. Reli ile haikupata kuwako duniani. Mzee aliibuni mwenyewe, akaipa jina, akaiwekea ratiba, akaipangia mwaka wake: 1938. Jambo lililonishangaza ni kwamba injini zake hakuzisifu sana. Alizinunua dukani, akasema, na mwenye fedha yeyote anaweza kuzinunua. Alichokionea fahari kilikuwa kituo cha petroli chenye ukubwa wa kiganja, kilichosimama karibu na njia panda. Hicho alikijenga kwa mikono yake, ubao kwa ubao.

Nilimwuliza kituo cha petroli kina uhusiano gani na reli. Akanieleza jambo ambalo tangu siku hiyo limebadili namna nizitazamavyo barabara za zamani. Katika miaka ile petroli haikutoka kiwandani kwa barabara. Ililetwa kwa mabehewa ya matangi mpaka mji mdogo, ikamiminwa katika matangi makubwa yaliyosimamishwa kando ya njia ya pembeni ya reli, kisha magari ya mizigo yakaichukua kidogo kidogo mpaka kwenye vituo vya vijijini. Kwa hiyo kila kituo cha petroli kilikuwa mteja wa reli. Na kila galoni iliyoshushwa pale ilimwezesha mkulima mmoja zaidi kwenda mjini kwa gari lake badala ya kukata tikiti. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; reli za Marekani zilikibeba kikulacho chao, tena zikalipwa nauli kwa kukibeba. Muundaji wa reli ndogo awekaye kituo cha petroli kando ya stesheni yake haweki pambo. Anaweka mrithi kando ya mtu atakayerithiwa, katika saa ambayo wote wawili wangali wakisalimiana.

Siku za mapumziko mzee alinichukua kwenda kuviona vituo vilivyosalia. Njia kuu ya zamani iliyoitwa Route 66, iliyopewa nambari hiyo mwaka 1926 na kutoka Chicago kwenda California, hupita katika jimbo lile ikiandamana na reli kwa mwendo mrefu. Katika kijiji cha Odell kipo kituo kilichojengwa mwaka 1932. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni nyumba ya mtu mwenye kipato cha wastani: kuta za mbao nyeupe, madirisha ya kawaida, na paa lililotokeza mbele likafunika mahali pa pampu mfano wa baraza. Mji wa jirani, Dwight, una kituo kilichojengwa mwaka 1933, nacho kiliuza petroli kwa miaka 66, mpaka mwaka 1999. Vyote viwili vimetengenezwa na kupakwa rangi upya, na leo hupokea wageni badala ya magari.

Umbo lile la nyumba halikuja kwa bahati. Vituo vya kwanza vilikuwa mabanda ya bati, yenye harufu na mafuta yaliyomwagika, na majirani waliyalalamikia. Kampuni zikatambua kwamba mtu humwamini jirani kuliko mgeni, zikakivisha kituo vazi la nyumba. Kampuni ya Pure Oil, kuanzia mwaka 1927, ilijenga vituo vyenye paa la mteremko mkali na bomba la moshi, mfano wa nyumba za shamba za Uingereza. Miaka kumi baadaye mtindo uligeuka. Mwaka 1937 mchoraji Walter Dorwin Teague aliibunia kampuni ya Texaco kituo cheupe chenye umbo la sanduku, kilichozungushiwa mistari ya kijani, safi kama chombo cha hospitali. Katika muda wa miaka michache kituo cha petroli kilikuwa banda, kikawa nyumba, kikawa mashine. Mtu aweza kusoma historia ya nchi katika paa zake, ikiwa atakubali kuinua macho.

Pampu nazo zina habari. Ile ipendwayo sana na waundaji ina silinda ya kioo juu ya nguzo ndefu, na kioo hicho kimechorwa alama za galoni. Mwuzaji alivuta mkono wa chuma mbele na nyuma, petroli ikapanda kutoka ardhini mpaka ndani ya kioo; mnunuzi akaona kwa macho yake kiasi alichokitaka; kisha mpira ukafunguliwa na petroli ikashuka kwa uzito wake yenyewe mpaka katika tangi la gari. Kwa nini palihitajika taabu yote hiyo? Kwa sababu watu hawakumwamini mwuzaji. Kioo kile kilikuwa hati ya uaminifu iliyowekwa juu ya nguzo ili kila apitaye aisome. Leo tunaziamini tarakimu zinazowaka juu ya pampu bila kuona hata tone moja. Sijui kama hii ni dalili ya kwamba watu wamekuwa waaminifu zaidi, au ya kwamba sisi tumechoka kuuliza.

Lakini kilichomvuta mzee hakikuwa kile kilichotengenezwa upya. Vituo vilivyopakwa rangi alivitazama kwa heshima, kama mtu amtazamavyo maiti aliyevikwa vizuri. Moyo wake ulikuwa kwa vile vilivyoachwa. Alikuwa akisimama mbele ya kibanda kilichoanguka upande mmoja, akakipima kwa hatua zake, akapiga picha pande zote nne, kisha akanionyesha kitabu kikubwa kilichoandikwa juu ya ukuta. Kutu, alisema, haitokei popote ipendapo. Huanza kwenye kichwa cha msumari na kushuka chini kwa njia ya mvua. Rangi hubanduka kwanza upande wa kusini, kwa kuwa katika nchi yao jua hukaa upande huo mwaka mzima. Ngazi huliwa katikati, mlango huchakaa karibu na kitasa, na mahali pampu iliposimama doa la mafuta hubaki sakafuni muda mrefu baada ya pampu yenyewe kung'olewa. Nyumba mpya, aliniambia, haina la kusema, maana haijaishi.

Maneno haya yalikuwa elimu ya kazi yake. Akirudi nyumbani alipaka kibao rangi ya kahawia, akaacha ikauke, akapaka nyeupe juu yake, kisha akaikwangua kwa ncha ya kisu mpaka kahawia ikachungulia. Nyufa alizitia wino mweusi uliozimuliwa kwa spiriti. Kutu aliifanya kwa chaki za rangi alizozisaga zikawa unga, akazipaka kwa brashi ya nywele chache. Walimu wake katika sanaa hii walikuwa wengi, na aliyemtaja kwa heshima kubwa alikuwa John Allen wa Monterey, California, ambaye katika reli yake ndogo aliwaonyesha wenzake kuwa uchakavu uwezapo kuigwa, uhai nao huigwa. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baada ya kifo chake moto ukaiteketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Kumbukumbu nazo hufa. Jambo hili mwenye kuzitunza hana budi kulijua.

Mzee hakutegemea miguu yake peke yake. Serikali ya Marekani, mwaka 1933, katika wakati wa dhiki kuu ya uchumi, iliwaajiri wachoraji wa majengo waliokuwa hawana kazi, ikawatuma kupima na kuchora majengo ya zamani nchini kote. Michoro yao imo katika maktaba ya bunge la nchi ile, na mtu yeyote aweza kuitazama bila malipo. Katika maktaba hiyo hiyo zimo picha zaidi ya 11,000 za John Margolies, ambaye kwa karibu miaka arobaini alizunguka nchi akipiga picha vituo vya petroli, mikahawa na mabango ya barabarani, vitu ambavyo wasomi wa wakati wake wengi waliviona havistahili hata kugeuziwa shingo. Alifariki mwaka 2016. Picha zake nyingi ni za majengo ambayo sasa hayapo.

Yamekwenda wapi? Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilileta njia pana zilizopita mbali na vijiji, na msafiri ambaye zamani alisimama kila maili hamsini akaweza kupita mji bila kujua jina lake. Route 66 yenyewe iliondolewa katika orodha ya barabara za taifa mwaka 1985. Kisha ardhi ikadai haki yake. Matangi ya chuma yaliyofukiwa chini ya vituo yalikuwa yakivuja na kutia sumu maji ya visima, na kanuni zilizotolewa mwaka 1988 ziliamuru kwamba kufikia Desemba 1998 matangi hayo yatengenezwe, yabadilishwe au yafungwe. Kwa kampuni kubwa amri hiyo ilikuwa gharama. Kwa mwenye kituo cha pampu mbili ilikuwa hukumu. Siilaumu amri ile. Maji safi ni bora kuliko paa zuri. Lakini ni wajibu kusema kwamba hata jambo la haki lina watu walioachwa nje ya mlango wake.

Hapa nilipata shaka, na shaka hiyo nilimtolea mzee bila kuificha. Nilimwambia kwamba mtu aliyefilisika hakukifunga kituo chake ili kipate kupendeza. Kutu tunayoiigiza kwa chaki ilikuwa machozi ya mtu fulani. Je, si ukatili kuufanya msiba wa jirani uwe pambo la meza? Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba kuna namna mbili za kuiga uchakavu. Namna ya kwanza hutawanya kutu kila mahali kwa sababu kutu inapendeza. Namna ya pili huiweka pale tu ilipokuwa, kwa sababu ilikuwa. Ya kwanza humdhihaki maskini, ya pili humshuhudia. Nilikubali jibu lake, kwa kuwa naona kanuni hiyo hiyo inawahusu waandishi. Anayeandika umaskini kwa kuwa unapamba sentensi zake, naye hutawanya chaki.

Lakini jibu lake lilizaa swali jingine lililokuwa zito zaidi. Meza yake ilikuwa imewekwa katika mwaka 1938. Nilimwomba anionyeshe, katika nchi ile nzuri ya sentimeta chache, mahali ambapo mtu wa rangi yangu angeweza kununua petroli, kutumia choo na kulala. Swali hili sikulitoa hewani. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, tarishi wa posta aliyekaa Harlem katika New York, alianza kuchapa kitabu cha kuwaongoza wasafiri weusi, kikiwatajia hoteli, mikahawa na vituo ambamo wangepokelewa. Kitabu hicho, kilichojulikana kwa jina la Green Book, kiliendelea kutolewa, pamoja na kukatizwa na vita, mpaka toleo la 1966–67. Vituo vya Esso vilikigawa kwa wateja, nalo ni jambo la kusifiwa. Lakini haja yenyewe ya kitabu inatosha kuwa ushahidi. Iko miji ambayo mtu mweusi hakuruhusiwa kuonekana baada ya jua kutua, na viko vituo vilivyopokea fedha zake na kumnyima ufunguo wa choo. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, ilipoorodhesha mahali ambapo ubaguzi ulikatazwa, ilivitaja vituo vya petroli kwa jina lake. Sheria haitaji jambo ambalo halijaumiza mtu.

Mzee hakukasirika. Aliweka kisu chake mezani, akakiangalia kile kituo chake cheupe kwa muda mrefu, kana kwamba kimejengwa na mtu mwingine. Baada ya majuma kadhaa aliniita kunionyesha picha za kituo kingine, kilichoko karibu na mji wa Luther katika jimbo la Oklahoma, kandokando ya Route 66. Kilijengwa yapata mwaka 1915 na Allen Threatt, mkulima mweusi, kwa mawe ya mchanga yaliyochimbwa katika ardhi ya familia yake. Hapo wasafiri weusi waliuziwa petroli bila kutukanwa. Kituo hicho kiliingizwa katika daftari la taifa la majengo ya historia mwaka 1995, na mwaka 2021 kikahesabiwa miongoni mwa majengo kumi na moja ya taifa yaliyo hatarini kupotea. Katika wakati niliomjua mzee, kilikuwa jengo la mawe lililofungwa, lisilojulikana na watu wengi.

Sasa alikuwa na tatizo la kifundi ambalo kwa kweli lilikuwa tatizo la ukweli. Reli yake ilikuwa ya kubuniwa, kwa hiyo kanuni za sanaa yao zilimruhusu kukihamisha kituo chochote kutoka jimbo lolote. Lakini kama angekileta kituo cha mawe na kukiweka karibu na mji wake, wilaya yake ingeonekana kuwa na huruma kuliko wilaya za mwaka 1938 zilivyokuwa. Na kama asingekileta, meza yake ingeendelea kunyamaza, na kunyamaza nako ni namna ya kusema. Tulijadiliana jioni nyingi. Mimi nilisema bora kituo kiwepo. Yeye alisema bora umbali uwepo. Sasa naona kwamba yeye alikuwa ameelewa zaidi.

Alikijenga kituo cha mawe kwa miezi minne, jiwe moja moja, kwa kadi ngumu na unga wa mchanga. Alikiweka katika pembe ya mwisho kabisa ya chumba, mbali na stesheni zote mbili, akatengeneza barabara ya vumbi kuzunguka kuta mpaka kukifikia. Kisha katikati ya barabara hiyo, mbele kidogo ya kituo cheupe, aliweka gari moja linalokwenda. Halikusimama kwenye pampu. Ndani yake mna watu wanne waliopakwa rangi nyeusi, na nyuma yake limefungwa kopo la petroli la akiba, kama wasafiri wale walivyokuwa wakifanya, kwa kuwa hawakujua mlango upi ungefunguliwa. Kopo hilo lina urefu wa nusu sentimeta. Wageni wengi waliokuja kuziona injini za mzee hawakuliona. Waliolitambua waliuliza ni la nini, naye akawaeleza. Na baada ya kuelezwa, niliwaona wakianza kukitazama upya kile kituo cheupe, chenye pampu ya kioo na paa lake la kirafiki.

Huo ndio uwezo wa kitu kidogo. Jengo kubwa la kumbukumbu hutulazimisha kuinama, na mtu ainamaye haoni sana. Kitu cha kiganjani hutualika tusogee karibu, tutulize pumzi, tuulize. Waundaji wa reli za mezani wameokoa maumbo ya vibanda ambavyo historia kuu haikuwa na nafasi navyo, na kwa kazi hiyo wanastahili shukrani. Lakini kipimo cha moja kwa 87 hupunguza mbao, mawe na chuma tu. Haki ya msafiri aliyepita bila kusimama haipunguziki. Yataka iwekwe mezani kwa ukubwa wake wote, hata ikiwa ndani ya kopo lisiloonekana na asiyetafuta.